Bandari ya Kale ya Mombasa na Maneno Yake

Kila mwalimu afundishaye Kiswahili hutamka kila siku maneno kama bandari, nauli, ushuru, shehena na gati, wala hana haja ya kuuliza yametoka wapi. Lakini maneno hayo yana kwao. Yalishuka katika vyombo pamoja na tende na mazulia, yakapokewa ufukoni, yakapelekwa bara katika vinywa vya wapagazi, mwisho yakaingia katika vitabu vya shule. Katika makala haya twataka kueleza habari za mahali pamoja palipoyapokea, yaani bandari ya kale ya Mombasa, kisha tuone ni nini kilichosalia kwake katika lugha, na kwa nini jambo hilo liwahusu waalimu.

Mombasa ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono wa upande wa mashariki huingia chini ya ngome ya Wareno, ukapita kati ya mji wa kale na nchi ya Kisauni na Nyali iliyo ng'ambo. Hapo ndipo ilipo bandari ya kale. Mkono wa pili, ulio upande wa kusini na magharibi, ni mpana zaidi na maji yake ni ya kina kirefu. Nao waitwa Kilindini, maana yake mahali pa kilindi. Jina hili halikuletwa na meli za moshi. Ulikuwako mji wa Kilindini tangu zamani, na watu wake ni mmoja wa Thelatha Taifa, yaani Kilindini, Tangana na Changamwe, ambao pamoja na Tisa Taifa hufanya Thenashara Taifa za Mombasa. Basi wenyeji walikijua kilindi chao na kukipa jina karne nyingi kabla hajaja mhandisi wa kukipima.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa walijua kwamba maji ya kina yako upande wa pili, mbona mji na forodha vilikaa upande wa mashariki? Jawabu ni kwamba chombo cha tanga hakitafuti kilindi. Chatafuta mahali pa kukingwa na mawimbi, chenye ufuko ambao maji yake hujaa na kupwa. Katika bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya futi 10. Nahodha alileta chombo chake karibu na pwani maji yalipojaa, akakiegemeza kwa magogo, na maji yalipokupwa chombo kilisimama juu ya mchanga mkavu. Ndipo mabaharia waliposhuka kukwangua ubavu wake, kuziba nyufa kwa kalafati, na kuupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Na mbao za juu zilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa. Bahari yenyewe ilikuwa ndiyo karakana yao, wala haikutoza kodi. Hata neno pwani lenyewe latokana na kupwa: ni mahali ambapo maji huondoka.

Ukale wa bandari hii hauna shaka. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika mwaka wa 1331, akaandika kwamba watu wa kisiwa hicho hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka pwani ya bara. Maneno hayo machache yatufunza jambo kubwa: mji huu uliishi kwa bandari yake tangu hapo, na chakula cha kila siku kilipita mikononi mwa wapakuaji. Mapema katika karne ya 16 Duarte Barbosa, Mreno, aliisifu kuwa ni bandari njema yenye vyombo vikubwa na vidogo vitokavyo Sofala, Cambay na Malindi, na vingine viendavyo Unguja.

Lakini bandari njema huvuta maadui kama ivutavyo wafanya biashara. Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, akaondoka kwa hofu kwenda Malindi. Mwaka wa 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma moto. Mwaka wa 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milan, wakaiweka penye mlango wa bandari ili kila chombo kiingiacho kipite chini ya mizinga yao. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, karibu miezi 33, kisha wakaitwaa. Katika mazingiwa hayo, mwaka wa 1697, manowari ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome. Ililala katika matope hata miaka ya 1977 hadi 1980, wataalamu walipopiga mbizi kuichunguza na kuvitoa vitu vyake. Hivyo chini ya maji ya bandari hiyo mmekuwamo kumbukumbu sawa na iliyo juu ya nchi kavu.

Baada ya Wareno, Mazrui walitawala Mombasa kama maliwali, na baadaye kwa nguvu zao wenyewe, hata mwaka wa 1837 Seyyid Said alipouweka mji chini ya Unguja. Tangu hapo mapato ya forodha yalikwenda Unguja, ambako ushuru wa pwani ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na mashuhuri katika hao ni nyumba ya Jairam Shivji. Mwaka wa 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ikapewa kazi hiyo, na mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza ikaishika yenyewe.

Haifai kuisifu biashara hii bila kutaja aibu yake. Pamoja na pembe, nafaka na boriti, watu pia walipakiwa vyomboni kama shehena. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, na mwaka wa 1875 Wamisioni wa Kiingereza wakaanzisha Frere Town ng'ambo ya bandari iyo hiyo, mahali pa kukaa watu waliookolewa. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika pwani hiyo mwaka wa 1907 tu. Maji yale yale yaliyowachukua watu utumwani ndiyo yaliyowavusha kwenda kwenye uhuru. Na mwalimu afundishaye habari za bandari hana budi kuieleza safari ya kwanza kama aielezavyo ya pili.

Sasa na tutazame majira ya kazi. Kuanzia Novemba au Desemba hata Machi huvuma kaskazi, nao ndio uliovileta vyombo vya Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi: bagala, sambuki, bumu na kotia. Vilileta tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Aprili upepo hugeuka ukawa kusi, na vyombo vikarudi kwao na boriti za mikoko, kwa maana katika nchi zile za jangwa miti ya kujengea ni haba. Kati ya pepo hizo mbili ni wakati uitwao tanga mbili, ambapo upepo haushiki upande mmoja. Pamoja na wageni hao walikuwako wenyeji: majahazi, madau, mashua, na mitepe ya upande wa Lamu, ambayo haikuwa na msumari hata mmoja, bali mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Nahodha aliyechelewa kusi ilimpasa kungoja mwaka mwingine. Kwa hiyo wageni walikaa miezi, wakaoa, wakajenga, wakakopa na kukopeshana. Na watu wakaao pamoja miezi mingi hupeana maneno.

Tukiyapanga maneno ya bandari kwa asili zake, twaona utaratibu ulio wazi. Maneno ya maji na pwani kwa sehemu kubwa ni ya Kibantu: kujaa, kupwa, pwani, kilindi, mtumbwi, ng'ambo. Hayo walikuwa nayo wenyeji kabla ya mgeni yeyote. Wakuu wa chombo na mahali pake wana majina ya Kiajemi: bandari, nahodha, na serahangi aliye msimamizi wa mabaharia. Mapatano na mapato yana majina ya Kiarabu: forodha, shehena, nauli, hamali, na ushuru, ambao maana yake ya asili ni sehemu ya kumi. Fedha na dhamana zikaleta maneno ya Kihindi, kama hundi na bima, na gati nalo lafanana na neno la Kihindi la ngazi ishukayo majini. Wareno, kwa miaka yao yote ya vita, walituachia bendera, na gereza pia, ambalo kwao lilikuwa neno la kanisa. Na ngome yao yenyewe ilikuwa gereza la serikali tangu 1895 hata 1958. Kwa hiyo mwenye kusoma orodha hii asoma tarikh ya mji: nani alikuwako kwanza, nani aliamuru, nani alidai, nani alikopesha, na nani alifunga watu.

Mwaka wa 1896 kazi ya reli ya Uganda ilianza, na vyuma vyake vizito, injini na makaa vilihitaji meli kubwa. Hapo chombo kilibadilika, nayo bandari ikabadilika pamoja nacho. Meli ya chuma haiwezi kuegemezwa mchangani maji yakipwa. Yataka kilindi, nafasi ya kugeuka, na reli ifikayo ubavuni mwake. Na katika mkono wa mashariki mlango ni mwembamba, na nyumba za mji zimesongamana hata ukingoni. Kwa hiyo kazi ikahamia Kilindini, na mwaka wa 1926 magati ya kwanza ya maji ya kina yakawa tayari huko. Bandari ya kale haikufungwa. Iliachiwa vyombo vya tanga, ikaendelea kuvipokea kila msimu, ingawa baada ya miaka ya 1970 majahazi makubwa ya Ghuba yalipungua sana.

Miaka miwili tu baada ya magati hayo, yaani mwaka wa 1928, ulifanyika Mombasa mkutano wa kuchagua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Hatusemi kwamba uchaguzi ule ulikuwa mbaya, kwa maana vitabu vya lugha moja vimewafaa wengi. Lakini yafaa kuona kwamba Kimvita na bandari yake vilipoteza mahali pao pa mbele katika muda mmoja. Mtoto wa Mombasa asemaye ndia na mato nyumbani akafundishwa kuandika njia na macho. Na baba yake aliyejua kupaka deheni akaenda kutafuta kazi penye winchi za Kilindini. Lugha ikahamishwa shuleni, kazi ikahamishwa ng'ambo ya pili ya kisiwa, na maneno ya kazi ile yakabaki bila mrithi. Ni bahati njema kwamba kamusi ya Krapf, iliyotolewa mwaka wa 1882, ilikuwa imekwisha kukusanya mengi ya Kimvita.

Hasara yenyewe huonekana hasa katika methali. Wanafunzi huambiwa, “Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani,” nao hujibu upesi kwamba maana yake ni kurudi kwenu. Waulize tezi ni nini, nao hunyamaza. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika na kutekwa. Baharia aweza kutembea toka mwisho huu hata mwisho huu, lakini maji ya ngamani humwita arudi ayateke, la sivyo chombo chazama na wote waliomo. Kumbe methali haisemi habari za nyumbani tu. Yasema habari za wajibu usiokwepeka. Ile fupi nayo, “Maji yakijaa hupwa,” kwa mtu wa bara ni faraja au onyo. Kwa wapakuaji wa bandari ya kale ilikuwa pia ni saa ya kazi.

Kwa sababu hiyo twawasihi waalimu, hasa walio karibu na bahari, wasitosheke na kamusi. Kamusi itasema deheni ni kitu cha kupaka chombo. Mzee aliyeipaka atasema chokaa kiasi gani, shahamu ya mnyama gani, na ni siku gani ya mwezi bamvua huruhusu kazi hiyo. Mwalimu na awapeleke wanafunzi kwa fundi wa mashua, kila mmoja aandike jina la kila ubao na kila kamba kama lisemwavyo pale, bila kulisahihisha kwa sarufi ya kitabuni. Kazi hiyo haitaki fedha wala ruhusa kubwa, na kila mwaka upitao huwapunguza wa kuulizwa. Magati ya mawe yaweza kujengwa tena yakibomoka. Neno likizama na mtu wa mwisho aliyelijua kazi yake, hakuna mpiga mbizi wa kulitoa.