Pikipiki Nyepesi za Kale: Thamani Yake na Namna ya Kuzifufua

Pikipiki ya kale iliyotelekezwa bandani huonekana na wengi kuwa ni chuma chakavu tu. Mwalimu wa fizikia au kemia akiichunguza kwa makini, ataona kuwa imebeba sehemu kubwa ya masomo yake.

Mwaka 1939 kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitoa pikipiki nyepesi iliyoitwa RT 125. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, michoro yake ilichukuliwa na washindi kuwa sehemu ya fidia. Ndiyo asili ya Harley-Davidson 125 ya Marekani na BSA Bantam ya Uingereza, zote za mwaka 1948. Yamaha ya Japani nayo iliiga umbo hilo katika pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955. Kwa hiyo fundi wa Mbinga aliyezoea Yamaha ya zamani yenye injini ya mapigo mawili hatakuwa mgeni mbele ya ile ya Marekani.

Thamani ya mashine hizi hutegemea kwanza uhalisi wake. Harley-Davidson za miaka hiyo hutambuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye injini. Anayeisugua kwa msasa huondoa ushahidi wa asili yake. Vivyo hivyo, rangi ya kiwandani, ijapokuwa imepauka, mara nyingi huthaminiwa kuliko rangi mpya. Rangi mpya hupakwa wakati wowote. Ile ya kwanza ikikwanguliwa hairudi.

Kutu yaweza kuondolewa kwa umeme wa betri. Kipande cha chuma huunganishwa na ncha hasi, na bati la chuma cha kawaida na ncha chanya, vyote vikiwa ndani ya maji yaliyoyeyushwa magadi. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto, kwa kuwa haidrojeni hutoka. Chuma kisichoshika kutu kisitumike kuwa bati, maana kromiamu yake hugeuka sumu. Kabureta na vipande vingine vya alumini visitumbukizwe kabisa: magadi huvila.

Lakini mtihani hasa wa ufufuaji uko barabarani. Mji wa Mbinga uko kwenye mwinuko wa meta zipatazo 1,300, na Ziwa Nyasa kwenye meta zisizofikia 500. Huko juu hewa ni nyepesi. Petroli huzidi, na plagi hufanya masizi. Fundi akipunguza kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, injini hutulia. Pikipiki hiyo hiyo ikiteremkia Mbamba Bay hukutana na hewa nzito zaidi, petroli ikawa pungufu, na injini ikapata joto kupita kiasi.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Injini hizi za kale hupata oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Dereva akifunga mafuta katika mteremko mrefu huku gia ikiwa imeingia, injini huzunguka kwa kasi bila kulainishwa vya kutosha. Pistoni hushikana na silinda na gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Ndiyo sababu madereva wazoefu hufungua mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi, hata wanapoteremka.