Boti ya mtumba: Usidanganywe na mlio wa injini

Ukifika ufuo wa Dunga hapa Kisumu siku ya Jumapili, ukaagiza mbuta wa kukaangwa na ugali, bila shaka macho yako yatavutwa na boti zinazopita. Watoto watakuomba uwapandishe. Nawe, kama una akiba kidogo benki, utaanza kujiuliza: mbona nami nisiwe na yangu?

Shemeji yangu alijiuliza swali hilo hilo alipopata kiinua mgongo chake. Haukupita muda akanunua boti ya fibaglasi iliyoletwa kutoka pwani, ambako ilikuwa ikivulia sulisuli. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu injini yake ya petroli ilikuwa imechoka. "Si neno," alisema, "nitaitia injini mpya, tena kubwa zaidi, niwapeleke wageni Rusinga na Mfangano kuvua mbuta kwa mshipi."

Injini ikaja, ikang'aa, ikanguruma. Safari ya tatu alitubeba sisi jamaa zake. Tulipokuwa mbali na ufuo, ule ubao wa nyuma unaobeba injini ukaanza kucheza kama jino bovu, na maji yakaanza kuingia. Tulirudi tukivutwa na mtumbwi wa wavuvi, watoto wakilia, watu wazima wakichota maji kwa ndoo.

Fundi mmoja mzee alipoigonga boti ile kwa mpini wa nyundo, alitikisa kichwa. "Kijana wangu," alimwambia shemeji, "umenunua viatu vipya, mguu wenyewe umeoza."

Gonga kabla ya kulipa

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Mnunuzi huangalia injini, lakini kinachobeba injini ni tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Katika boti nyingi za fibaglasi, ndani ya tezi mna mbao. Maji hupenya polepole kupitia matundu ya skrubu, na mbao zikaoza huku nje rangi inapendeza. Gonga kila mahali. Sauti kavu na kali ni dalili njema. Sauti nzito, kama ya kugonga papai bivu, ni dalili mbaya. Kisha injini ikiwa imening'inia, ishike kwa chini uitikise. Tezi ikicheza, usitoe hata shilingi moja.

Kama ni mashua ya mbao, choma mbao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku. Kisu kikizama bila nguvu, jua mbao zimekwisha.

Kisha ijaribu majini. Wauzaji wengi hupenda kukualika asubuhi, wakati ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Alasiri, upepo huvuma kutoka ziwani na ghuba ya Winam hujaa mawimbi mafupi. Basi vaeni jaketi za kuokolea maisha, pakieni mzigo wa kawaida, na mkae karibu na ufuo upepo unapoanza. Hapo utaijua tabia ya chombo.

Injini kuukuu nayo ina ulimi wake

Ukifika, gusa injini kwanza. Ikiwa tayari ina moto, huenda mwuzaji ameiwasha mapema ili kuficha ugumu wake wa kuwaka ikiwa baridi. Ikishawaka, tazama uzi wa maji unaotoka ubavuni. Usipotoka, injini haipozwi. Fungua oili ya gia: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zinapaswa kukaribiana. Tofauti ikizidi asilimia 10 hivi, kuna ugonjwa.

Ukiamua kuitia mpya, usichague kwa sifa. Boti nyingi zilizotengenezwa viwandani zina kibati kinachotaja nguvu ya juu inayoruhusiwa na idadi ya abiria. Usivuke hapo. Kumbuka pia uzito: injini za kisasa za mipigo 4 hunywa petroli kidogo kuliko zile za mipigo 2, lakini kwa kawaida ni nzito zaidi, na tezi ndiyo itakayobeba.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 10 ya nguvu zake. Injini ya nguvu za farasi 40 itakupa kama 36 tu. Kwa hiyo pangaboi lililofaa Malindi huenda likawa zito mno hapa; mwambie fundi akutafutie lenye mkato mdogo zaidi.

Na magugu maji, ambayo yamelisumbua ziwa hili tangu miaka ya 1990, hujisokota kwenye pangaboi na kuziba matundu ya kunyonya maji ya kupoza injini. Ukiingia ndani yake, zima, inua, safisha. Usilazimishe.

Iwapo injini au tangi la petroli limo ndani ya boti, ongeza tahadhari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama chini kwenye ngama, ukingoja cheche moja tu. Fungua, nusa, washa feni ya kutolea mvuke kwa dakika 4, ndipo uwashe injini.

Mwisho, dai karatasi: stakabadhi ya mauzo, namba za boti na za injini, na cheti cha usajili. Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, ndiyo inayokagua na kutoa leseni za vyombo vidogo, hata huku ziwani. Pia uliza kamati ya ufuo boti ilikotumika. Hao huijua historia yake kuliko mwuzaji.

Kuhusu pesa, ushauri ni huu: ukiwa na shilingi 10, usinunue boti ya shilingi 10. Nunua ya shilingi 5, na zilizobaki ziweke kwa tezi, injini, jaketi na makasia ya akiba.

Shemeji aling'oa tezi yote na kuijenga upya. Ilimgharimu sehemu kubwa ya kiinua mgongo kilichosalia, na wageni wa Mfangano wakasubiri mwaka mzima. Siku hizi, akiona mtu akizunguka boti ya kuuzwa, yeye humpa kwanza nyundo. Wahenga hawakukosea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.