Sura ya 6: Vuli ya Costa Blanca

Wageni wanaohamia pwani ya mashariki ya Hispania huamini kwamba joto la Agosti likishapita, mwaka umeshatulia. Imani hiyo naikuta kila vuli, kwa Waingereza wa Torrevieja na Jávea, na kwa Waafrika Mashariki waliofuata kazi Alicante au Valencia. Ikifika Oktoba watu hufungua madirisha waliyoyafunga mchana kutwa tangu Julai. Watalii wamepungua Benidorm, bahari bado ina nyuzi 22 au 23, na sokoni kuna kaki zilizoiva kutoka bonde la mto Júcar na viazi vitamu vya kuchoma. Raha hiyo ni ya kweli, nami siwanyimi. Tatizo ni hiyohiyo bahari ya nyuzi 23, na wengi huogelea humo bila kujua inaandaa nini.

Nilikuwa nimepanga kueleza kwanza nyumba, kisha bahari, kisha mvua. Ya nyumba ni mafupi. Kanuni ya kitaifa ya kuzuia joto lisipotee majengoni ilitoka mwaka 1979, na kufikia hapo maghorofa mengi ya ufukweni yalikuwa yameshasimama. Sakafu ni vigae vitupu, kuta hazina kinga, na mara nyingi hakuna mfumo wa kupasha joto. Mwishoni mwa Novemba nje kuna jua, ndani mtu amevaa koti, na nyuma ya kabati la nguo ukuta umeota ukungu mweusi. Hapo watu huwasha hita ya gesi na kuziba kila upenyo. Msizibe! Gesi ikiungua hutoa mvuke, na mvuke huo ndio unaolisha ukungu. Hewa ikipungua, hita hutoa kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Acheni dirisha wazi kidogo, basi.

Sasa bahari. Maji hupokea joto polepole na kuliachia polepole, kwa hiyo Mediterania huingia Oktoba ikiwa bado na akiba ya kiangazi. Hewa iliyo juu yake imejaa mvuke, na kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Wakati huohuo, zaidi ya meta 5,000 angani, mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi huanza kushuka kusini na kupindapinda. Mara nyingine pindo moja hukatika. Donge la hewa baridi hujitenga na mkondo na kubaki peke yake juu ya Hispania au Moroko, bila upepo wa kulisukuma. Wahispania huliita dana, na wazee bado husema gota fría, yaani tone la baridi.

Huku chini, upepo wa mashariki husukuma ule mvuke wa bahari kuelekea nchi kavu, na milima iko karibu mno na ufuo. Montgó umeinuka palepale nyuma ya Dénia. Hewa haina pa kupita ila juu. Ikipanda hupoa na mvuke hugeuka maji. Kwa kuwa juu kabisa kuna baridi kali, ile hewa yenye joto huzidi kupanda. Wingu moja likimwaga, jingine limeshazaliwa baharini na linafuata njia ileile. Kwa kuwa donge halisogei, mvua hupiga eneo lilelile kwa saa kadhaa mfululizo. Baridi inayotajwa iko angani, hivyo aliye ufukweni siku hiyo anaweza kuwa amevaa fulana. Anayesubiri kuhisi baridi mwilini ndipo aogope amechelewa.

Mtu aliyezoea vuli ya Tanga au Mombasa hupotoshwa na wastani. Alicante hupata takriban milimita 300 tu kwa mwaka, na mawakala wa nyumba huirudia hesabu hiyo kwa furaha. Wastani hausemi mvua inakujaje. Tarehe 3 Novemba 1987, Oliva, mji wa pwani kaskazini kidogo ya Dénia, ulipata milimita 817 katika siku moja.

Nilitaka mfano huo mmoja utoshe, lakini siwezi kuiandika sura hii bila kusimama Turís. Tarehe 29 Oktoba 2024, kituo cha Turís, magharibi mwa Valencia, kilipima milimita 771.8 ndani ya saa 24, na kati ya hizo, 184.6 zilinyesha katika saa moja. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka mzima. Maji hayo yalishuka kupitia Rambla del Poyo, korongo ambalo karibu mwaka wote ni changarawe nyeupe na matete, na mtu hulivuka kwa miguu bila kulowa. Jioni ile zilipimwa zaidi ya meta za ujazo 2,000 kwa sekunde, kisha kipimo chenyewe kikasombwa. Paiporta, mji uliokatwa katikati na korongo hilo, ulikuwa haujapata mvua ya maana. Watu walikuwa madukani. Walipoona maji barabarani, wengi walishuka kwenye maegesho ya chini ya ardhi kuokoa magari, na baadhi yao wakafia humo. Shirika la Hali ya Hewa la Hispania, AEMET, lilikuwa limetoa onyo jekundu tangu asubuhi. Ujumbe wa tahadhari kwenye simu ulifika baada ya saa mbili usiku, wakati miji imeshazama. Walikufa zaidi ya watu 220.

Vifo hivyo bado vinaniuma, na kinachonikasirisha ni upuuzi uliofuata. Ilienezwa kwamba serikali ilibomoa mabwawa, ndiyo maana maji yakaja. Rambla del Poyo haina bwawa hata moja la kubomoa, na vilivyoondolewa katika mito ya Hispania ni hasa vizuizi vidogo vilivyokwisha kazi. Ilienezwa pia kwamba mawingu yalinyunyiziwa kemikali. Hakuna ndege inayoweza kuleta angani mvuke wa bahari nzima. Na kila Agosti hurudi cabañuelas, watu kutazama siku za kwanza za mwezi ili kutabiri miezi ya mwaka ujao. Donge la hewa baridi hujikata kwa siku chache, na hata kompyuta kubwa haziwezi kusema mwezi mmoja kabla litakaa juu ya mji gani. Anayeamini mawingu ya Agosti huiacha tahadhari ya Oktoba isomwe na wengine.

Kosa lililoua zaidi ni kutazama juu ya paa lako. Mvua ya kuogopa ni ile iliyonyesha mlimani, kilometa 20 au 30 kutoka ulipo. Mtu wa Dodoma analijua korongo, na ndugu zetu wa Maskati wanaijua wadi, korongo la kwao. Nchini Oman dereva huadhibiwa akiingiza gari kwenye wadi inayotiririka. Valencia mjini walijifunza tarehe 14 Oktoba 1957, mto Turia ulipowafurika, wakauhamishia kusini mwa jiji, na bonde lake la zamani leo ni bustani. Mwaka 2024 katikati ya jiji palinusurika. Miji ya kusini haikuwa na kinga hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, fungua ramani ya kitaifa ya maeneo ya mafuriko, SNCZI, ambayo ni ya umma na haina malipo, utafute barabara yako. Kama nyuma ya nyumba kuna sehemu ya kuegesha magari yenye changarawe, uliza kama ni korongo na hupitisha maji ya milima ipi. Onyo jekundu likitoka, gari libaki lilipo, nawe panda ghorofani hata kama jua linawaka. Ujue pia kwamba hasara ya mafuriko hulipwa na Consorcio de Compensación de Seguros, lakini kwa mwenye bima ya mali iliyo hai tu, kwa hiyo lipia ya nyumba yako kabla ya Septemba.