Kweli au Si Kweli: Yanayosemwa Vimbwetani Kuhusu Kazi Baada ya Chuo

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Kabla ya hapo, Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita wasailiwa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa nafasi 70, wakafika zaidi ya 10,000. Mwanafunzi anayesikia hesabu za namna hii ana haki ya kuogopa. Lakini hofu hiyo imezaa maneno yanayozunguka mabwenini na vimbwetani, maneno ambayo wa mwaka wa kwanza huyapokea kwa wa mwaka wa tatu kama sheria. Mengine yana ukweli ndani yake. Mengine yanawala vijana wetu miaka ile ile ambayo wangeitumia kujipanga.

"GPA kubwa ndiyo kazi."

Nusu kweli. Anayetaka kubaki chuoni afundishe ajue mapema kwamba vyuo vikuu vya umma hudai GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi. Ukimaliza na 3.6, hakuna barua itakayoirekebisha, na alama za mwaka wa kwanza, ule ambao wengi huuchukulia kuwa wa kuzoea mazingira, zimo katika hesabu hiyo. Huyo akazane na GPA tangu muhula wa kwanza.

Kwa wengine mambo ni tofauti. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja shahada inayotakiwa bila kutaja GPA. Kinachofuata ni mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha usaili wa ana kwa ana, na kwenye karatasi ya mchujo mwenye 4.5 na mwenye 3.1 wanaanza sawa. Kinachowatenganisha ni nani bado anakumbuka alichosoma, na nani alikariri kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa muhula (UE) akakisahau likizo.

"Field ni kujaza kitabu na kurudi na alama."

Si kweli, na katika yote haya huu ndio uongo unaoniuma zaidi. Maombi ya kazi serikalini hutakiwa kuwa na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Mwanafunzi aliyepita field, yaani mafunzo kwa vitendo, kama mgeni atamwandika nani? Ataandika walimu waliomfundisha katika ukumbi wa watu mia tatu, wasiomkumbuka hata sura. Aliyefanya kazi kwa moyo ana msimamizi ambaye, simu ikipigwa, ataeleza kuwa kijana huyu alifika mapema, alipanga majalada yaliyokuwa yamelala, na jambo asilolijua alisema halijui akaomba kufundishwa.

Tatizo huanzia kwenye kuomba. Vyuo vingi hupeleka wanafunzi field kipindi kimoja, kuanzia mwezi wa saba, na barua zote hukimbilia mahali pamoja: benki kubwa, wizara, mashirika yenye majengo ya vioo. Nafasi zikijaa, anayebaki hukubali popote, na anayekubali popote huishia kutoa fotokopi. Anza kupeleka barua mwezi wa kwanza au wa pili. Tena angalia nje ya jiji: halmashauri ya wilaya yenu, mamlaka ya maji ya mji wenu, hospitali ya wilaya, au chama cha msingi cha kahawa huko Kagera, ambako mwezi wa saba msimu umepamba moto. Penye watumishi wachache na kazi nyingi mwanafunzi hukabidhiwa kazi ya kweli. Anayesoma uhasibu atakaa na vitabu vya hesabu vyenyewe badala ya kuvisikia kwa mbali, na nyumbani atakula na kulala bila kulipa kodi ya chumba, jambo lisilo dogo kwa mwenye bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, lililokwisha Mei.

Kila jioni andika ulichofanya kwa idadi na kwa jina la kazi. Usiandike "nilisaidia ofisi." Andika ulioanisha stakabadhi ngapi na taarifa ya benki, ulipima viwanja vingapi, uliwahudumia wagonjwa wangapi chini ya usimamizi wa nani. Miaka miwili baadaye maelezo hayo ndiyo yatakayokuwa wasifu wako, na jopo likikuuliza uzoefu wako utakuwa na la kusema.

"Ukishapata shahada, wewe ni mtaalamu."

Kwa fani nyingi zinazopendwa, si kweli. Inasikitisha kwamba wengi hulijua hilo wakiwa tayari wamevaa joho.

Tuanze na sheria. Tangu 2008, anayetaka kuwa wakili baada ya shahada hupitia mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria Tanzania. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka pale matokeo yalipoonyesha kuwa kati ya wanafunzi 633 ni 26 tu waliofaulu mitihani yote kwa mkupuo mmoja. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati kuchunguza. Ubishi wa nani alaumiwe, shule au vyuo vilivyowaandaa, ulikuwa mkali na wa haki. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeko darasani leo, somo lake ni la vitendo zaidi: jifunze kuandaa nyaraka za mahakama na kuandika Kiingereza cha sheria sasa hivi, na uanze kuulizia ada ya huko kabla hujamaliza.

Mhandisi naye akihitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Daktari ana mwaka wa utarajali. Mhasibu ana mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ambayo hufanyika kila Mei na Novemba, na mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya masomo. Anayejua hili akiwa mwaka wa pili hujua masomo yapi ya darasani yatarudi tena kwenye mitihani ya bodi, na huyasoma kwa jicho hilo. Asiyejua huviuza vitabu vyake baada ya mtihani wa mwisho, halafu huvitafuta tena. Kwa kada zenye bodi, siku ya usaili huulizwa pia cheti cha usajili na leseni. Shahada peke yake haitoshi.

"Bila koneksheni huajiriwi."

Upendeleo upo, na siwezi kumwambia kijana aliyeumizwa nao kwamba ni ndoto. Lakini Sekretarieti ya Ajira iliundwa kupitia marekebisho ya sheria ya mwaka 2007 ili nafasi za umma zitangazwe na kushindaniwa wazi, na kila mwaka huingia humo watoto wa wakulima wasio na mjomba wizarani. Imani kwamba kila kitu ni kimemo ina madhara mawili. Kwanza, wengine huacha kuomba kabisa. Pili, huwafungulia njia matapeli wanaopiga simu wakidai laki mbili au tatu "za kumwona bosi." Kuomba kazi kwenye Ajira Portal hakulipiwi. Gharama utakayobeba ni nauli, chakula na malazi siku ya usaili.

Kufahamiana kunakojengwa na kazi ni jambo jingine, na hakuna aibu ndani yake. Kampuni nyingi binafsi humchukua aliyewahi kufanya field kwao kwa sababu wamemwona akifanya kazi.

"Nyaraka nitashughulikia nikimaliza."

Si kweli hata kidogo. Cheti cha kidato cha nne kinasema Maria Joseph, cha kuzaliwa kinasema Mariam Yusufu, kitambulisho cha taifa kina jina la tatu lisiloonekana kwingine. Anayeitwa kwenye usaili majina yakitofautiana hutakiwa kuwa na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria, na hati hiyo haipatikani kwa siku mbili ulizobakiza kabla ya safari ya usaili Dodoma. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Vinatakiwa vyeti vyenyewe. Likizo ya mwaka wa kwanza inatosha kuyamaliza haya yote. Vitandaze vyeti vyako mezani, soma majina herufi kwa herufi.

"Kozi yako ndiyo kazi yako ya maisha."

Si kweli. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, akahitimu 1962. Akawa mhariri wa magazeti, balozi, waziri wa mambo ya nje, kisha rais. Kozi hukufundisha namna ya kufikiri, na hilo halifungwi na jina la shahada.

"Mkopo wa Bodi hukatwa kwa walioajiriwa serikalini tu."

Si kweli. Mwajiri binafsi naye ana wajibu wa kisheria wa kumkata mnufaika aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na aliyejiajiri pia anadaiwa. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021, nafuu kubwa kwa wengi, lakini deni lenyewe lipo. Fanya hesabu kabla hujakubaliana na mwajiri: mshahara wa msingi ukiwa 800,000, shilingi 120,000 huenda Bodi ya Mikopo, na bado hujatoa kodi ya mapato wala mchango wa hifadhi ya jamii. Kijana anayepanga chumba cha laki mbili na nusu kwa kuitazama ile laki nane atabanwa mwezi wa kwanza tu. Swali la kumuuliza mwajiri ni mshahara wa msingi ni kiasi gani, na baada ya makato yote nitapokea ngapi mkononi.