Bonasi, jina zuri la deni

Oktoba ikikaribia, gumzo la hapa Sigowet, kaunti ya Kericho, ni moja tu: bonasi ya chai. Karo ya shule inaingojea, deni la dukani linaingojea, na mabati ya nyumba ambayo haijaezekwa nayo yanaingojea. Nataka tulitazame neno lenyewe, maana limesafiri mbali kabla ya kufika kwenye mashamba ya chai.

Waingereza walilitoa kwa Warumi. Katika Kilatini, bonus ni kivumishi, maana yake "-ema". Umbo lake la kale ni duenos, na neno hilo limeandikwa kwenye chombo cha udongo chenye vyungu vitatu vilivyoshikana, kilichopatikana Roma mwaka 1880. Wataalamu bado wanabishana kama hapo linamsifu mtu au ni jina lake. Baadaye sauti du ikawa b, kama duellum, yaani vita, ilivyogeuka kuwa bellum. Shina hilohilo likachipuza bellus, "-zuri". Wakipsigis wa hapa kwetu hawatashangaa: kararan yao hubeba wema na uzuri kwa pamoja.

Katika karne ya 18, wafanyabiashara wa hisa wa London walilichukua neno bonus kuitia nyongeza. Sarufi iliwapiga chenga, kwa kuwa bonus humsifu mwanamume mwema, na kitu chema ni bonum. Kosa likazoeleka, na maana mpya ikashika: kitu cha ziada, ambacho mpokeaji hakudai.

Maana hiyo ndiyo inayonisumbua. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, akapeleka kapu kituoni likapimwa, na kila mwezi akalipwa kiasi fulani kwa kilo. Kiwanda kilicho chini ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo wa chai, huuza chai, sehemu kubwa mnadani Mombasa, na kuondoa gharama. Mwaka wa hesabu hufungwa tarehe 30 Juni. Kinacholipwa baada ya hapo ni salio la majani yaleyale, na jina lake halisi ni malipo ya pili.

Tukiliita bonasi, jasho la mkulima linavaa sura ya hisani, na anayepewa hisani huona haya kuuliza hesabu. Kwa hiyo mwaka huu, kiwango kikitangazwa, uliza chai iliuzwa kwa bei gani na gharama zilikula kiasi gani. Fedha hizo ulikuwa unazidai.