Kipimo cha Ulemavu

Tukiulizwa ulemavu wa mtu hupimwaje, wengi wetu tutajibu upesi: mtazame mguu, au mjaribu macho. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi.

Tuchukue mfano wa vijana wawili, kila mmoja amepooza mguu wa kuume kwa ugonjwa wa polio. Wa kwanza ana magongo na baiskeli ya magurudumu matatu. Huenda sokoni kushona nguo, na jioni huketi barazani na wenzake. Wa pili hana kitu. Hushinda ndani, na harusi ikiwapo jirani hakuna amwalikaye. Daktari akiipima miguu yao ataandika jambo moja. Je, maisha yao ni mamoja?

Kwa sababu hiyo wataalamu wamefanya vipimo vya namna mbili.

Namna ya kwanza hupima kujitegemea. Mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel, wa Marekani, walitangaza kipimo cha mambo 10: kula, kuoga, kunawa uso na kuchana nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kwenda chooni, kutoka kitandani kukaa kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Kila jambo lina alama zake, na jumla yake ni 100. Lakini wenyewe walionya kwamba apataye 100 si lazima aweze kuishi peke yake, maana huenda asiweze kupika, kutunza nyumba, wala kukutana na watu.

Namna ya pili hupima kushirikiana na watu. Kipimo kimoja kilichotangazwa mwaka 2006 kilitengenezwa katika Nepal, India na Brazil, hasa kwa ajili ya watu waliopatwa na ukoma au ulemavu. Kina maswali 18. Mtu huulizwa kama apata nafasi ya kazi sawa na wenzake, kama huwatembelea watu kama wao, na kadhalika. Halinganishwi na tajiri wala na mgeni, bali na mtu wa hali yake asiye na ugonjwa ule. Akijibu kuwa hayuko sawa nao, huulizwa jambo hilo lamsumbua kadiri gani. Jumla ya alama yaweza kufika 90, na kadiri zinavyozidi ndivyo alivyotengwa zaidi.

Faida yake ni hii. Dawa za ukoma huua vijidudu, na mgonjwa hupona. Lakini majirani waweza kuendelea kukataa kula naye. Tundu hilo halionekani kwa kipimo cha damu wala cha ngozi. Laonekana kwa kumwuliza mwenyewe.

Tena tazameni: alama za yule kijana wa pili zaweza kupungua na mguu wake usibadilike hata kidogo. Apewe magongo, aalikwe harusini, afundishwe kazi. Basi kipimo hiki, ingawa aulizwa yeye, chatupima na sisi.

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi mliotutangulia ambao sasa mna maduka na ofisi, jiulizeni: ngazi za mlango wenu zamzuia nani? Hujafa hujaumbika.