Faili Zikienda Polepole kwa Waya, Tuanzie Wapi?



Kikundi kimoja cha vijana tunachokitembelea hupiga video za harusi na mazishi. Kazi yao iko nyumbani kwa mwenyekiti, ambapo kompyuta mbili zimeunganishwa kwa waya kupitia rauta. Video za harusi moja, gigabaiti 40 hivi, zilikuwa zikichukua saa nzima kuhama kutoka kompyuta moja hadi ya pili. Wateja wakachoka kungoja. Basi wanachama wakakubaliana watoe pesa za akiba walipie intaneti ya kasi zaidi. Tuliwaomba wangoje kidogo.

Kwa nini? Faili ikitoka kompyuta hii kwenda ile iliyo kando yake haipiti kwa intaneti. Inapita kwa waya wa nyumbani na rauta, basi. Kulipia intaneti kubwa hapo ni kama kutengeneza barabara ya sokoni na shida yako ni njia ya kutoka jikoni hadi zizini.

Tujue hesabu kwanza. Kasi ya waya hutajwa kwa megabiti, lakini kompyuta ikihamisha faili huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo muunganisho wa megabiti 100 hauwezi kupita megabaiti 12.5 kwa sekunde, na kwa kawaida mtaona 11 hivi. Ule wa megabiti 1,000, yaani gigabiti moja, huweza kufika 110 hivi. Mzigo wa gigabaiti 40 unachukua saa moja kwa ule wa kwanza, na dakika 6 hivi kwa huu wa pili. Mkiona 11, mjue mmefungwa kwenye megabiti 100.

Sasa mfuate hatua hizi, moja baada ya nyingine:

1. Someni namba. Fungueni mipangilio ya mtandao katika kila kompyuta, mtazame kasi ya muunganisho: ni 100 ama 1,000?

2. Jaribuni waya mwingine. Ndani ya waya mmoja mna nyaya nyembamba 8. Gigabiti hutumia zote 8, lakini megabiti 100 hutumia 4 tu. Moja ikikatika, mara nyingi kompyuta haisimami, inashuka tu hadi 100. Ndiyo maana watu hudhani waya ni mzima. Pia waya usizidi mita 100.

3. Kagueni rauta. Rauta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100. Hapo hata waya mpya hausaidii. Swichi ndogo ya gigabiti ndiyo dawa, mradi kompyuta zote mbili ziwe za gigabiti.

4. Kama mnatumia laptopu, zimeni waifai. Pengine waya umechomekwa lakini faili zinapita hewani.

5. Namba ikiwa ni 1,000 na bado ni polepole, tazameni diski. Diski ya zamani inayozunguka, ama flashi ya zamani, yaweza kuwa ndiyo inayochelewesha. Tena, maelfu ya picha ndogo huenda polepole kuliko video moja kubwa. Kwa hivyo jaribuni kwa faili moja kubwa.

Msibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana hamtajua ni kipi kilichosaidia. Katibu aandike kila jaribio: nini kilibadilishwa, na namba ilisoma ngapi.

Wale vijana walianza na namba, ikasoma 100. Wakafuata waya hadi pale ulipopita chini ya mlango, wakakuta umebanwa kila mlango unapofungwa. Walinunua waya mmoja tu, wakaupitisha juu ya ukuta. Namba ikasoma 1,000, na mzigo wa saa nzima ukaisha kabla chai haijapoa. Pesa za akiba zilibaki kwa mweka hazina.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
- Ni kifaa gani tulichowahi kununua kabla ya kujua shida iko wapi?
- Katika kikundi chetu, ni nani atakayejifunza kusoma namba hizi na kuwafundisha wengine?